Maswali na majibu: Kuacha dawa ya usingizi, wasiwasi au sonona uliyoitumia wiki chache

Barua za safari hii zinafanana. Mtu alipewa dawa ya usingizi, wasiwasi au sonona kwa muda mfupi, amepata nafuu, anataka kuachana nayo. Jirani kamwambia aitupe leo leo, shemeji kamtisha kwamba ameshakuwa mraibu. Wote wawili wanahesabu wiki, hakuna aliyesoma jina kwenye boksi. Wiki sita za dawa moja huachwa bila hata kupunguza. Wiki sita za nyingine, ukizikata ghafla, zinaweza kukuangusha kwa degedege. Vipimo tunavyotaja hapa ni vya kwenda navyo kwa aliyekuandikia dawa, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama una kifafa, ujauzito, au dawa nyingine unazomeza.

Shikamoo daktari. Nilifiwa na mume wangu nikapewa diazepamu miligramu 5 kila usiku. Sasa ni wiki ya tatu. Juzi niliruka usiku mmoja, nikakesha hadi alfajiri. Ndiyo uraibu huo? (Mama, Morogoro)

Marahaba mama, na pole sana kwa msiba. Kukesha usiku mmoja si uraibu. Ubongo ukishazoea kusaidiwa kulala, ukiondolewa msaada ghafla hukosa usingizi hata kuliko ilivyokuwa kabla ya dawa. Hali hiyo kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache, wakati mwingine wiki moja au mbili. Shida ni namna watu wanavyoielewa: anakesha usiku mmoja, anasema "kumbe bado naihitaji", anarudia, na miezi sita inakatika hivyo hivyo. Ndiyo maana dawa za kundi hili hazitakiwi kupita wiki 2 hadi 4, siku za kupunguza zikiwa ndani yake.

Kwa kipimo chako na wiki zako tatu, mpango wa kawaida ni nusu kidonge (miligramu 2.5) kila usiku kwa siku 7, kisha basi. Ukiona nusu hadi sifuri ni hatua kubwa, omba vidonge vya miligramu 2. Kimoja kwa siku 5 hadi 7, halafu nusu yake kwa siku nyingine kama hizo. Kata kwenye mstari wa kidonge kwa wembe mpya au kifaa cha kukatia vidonge, kimoja kwa wakati. Vipande vilivyokaa wiki nzima kwenye karatasi hulika na kupungua.

Jambo moja huwachanganya wengi. Diazepamu haitoki mwilini upesi: nusu yake huchukua takriban siku moja hadi mbili kuondoka, na mabaki yake yanayofanya kazi hukaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo usiku wa kwanza na wa pili unaweza kulala vizuri, ukadhani umevuka, halafu siku ya nne au ya sita ukaamka na wasiwasi, misuli imekaza, sauti ndogo zinakukera. Ni dawa inamalizikia kutoka. Usirudi kwenye kidonge kwa hilo. Amka saa ile ile kila siku hata kama umekesha, acha usingizi wa mchana, chai na kahawa ziishie saa nane mchana, na pombe usiiguse kabisa: inalewesha eneo lile lile la ubongo na kuchelewesha safari. Machozi ya jioni ni mambo mengine, mama. Hayo ni ya msiba, hayana kidonge.

Natumia alprazolamu 0.5 mara tatu kwa siku, wiki ya sita sasa, kwa ajili ya mshtuko wa hofu. Vimebaki vidonge vitatu na famasia wamekataa kuniuzia bila cheti. Niache tu? (Dereva wa lori, Mombasa)

Hapana, usiache hivyo. Famasia imefanya kazi yake, lakini wewe nenda hospitali leo ukiwa na boksi mkononi, kabla ya kidonge cha mwisho. Waeleze mambo matatu: jina la dawa, miligramu 1.5 kwa siku, wiki sita.

Tofauti na diazepamu ni kasi. Alprazolamu hupungua nusu ndani ya saa 11 hivi, kwa hiyo mwili huhisi pengo siku hiyo hiyo. Pengine umeshaliona: saa ya kidonge ikikaribia, moyo unaanza kwenda mbio na viganja kutoka jasho. Wengi hudhani ugonjwa umezidi, wakaongeza kipimo, kumbe ni dawa inaisha mwilini.

Ngazi inayovumilika kwa mtu wa kipimo chako ni kupunguza miligramu 0.25, yaani nusu ya kidonge chako, kila wiki moja au mbili. Hatua ni sita: 1.25, 1, 0.75, 0.5, 0.25, sifuri. Jumla ni wiki 6 hadi 12. Punguza dozi moja tu kila hatua, na igawanye ile inayobaki asubuhi, mchana na usiku kadiri inavyowezekana. Kuondoa dozi nzima ya mchana mapema huacha shimo refu katikati ya siku. Hatua za mwanzo huwa rahisi, mbili za mwisho ndizo ngumu, kwa hiyo panga ratiba yako ikae muda mrefu zaidi kule chini. Ukikwama, baki ulipo wiki nyingine. Usirukie kipimo cha zamani, wala usimeze cha "dharura" katikati.

Daktari anaweza kukuhamishia diazepamu ndipo mpunguze, kwa kuwa inashuka polepole yenyewe. Usijihamishie mwenyewe. Majedwali ya kulinganisha dawa hizi yanapishana hata mara mbili, na kukosea huko juu ya usukani wa lori ni hatari. Kwa hili pia omba likizo ya kuendesha hadi hali itulie.

Kutetemeka mwili mzima, kuona au kusikia visivyokuwepo, kuchanganyikiwa, degedege: usisubiri kliniki, hiyo ni ya mapokezi ya dharura usiku huo huo.

Nimetumia setralini 50 kwa wiki tano. Imeniondolea hamu ya tendo la ndoa. Nimeanza kumeza siku moja, kuruka moja, na sasa nahisi kama shoti ya umeme kichwani nikigeuza macho. (Mwanaume, Nairobi)

Shoti hizo zinafahamika sana kwa dawa za kundi hili. Zinaogopesha, haziharibu ubongo. Zinakuja pamoja na kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu na hasira za karibu.

Uliyoyafanya ndiyo sababu. Setralini hupungua nusu ndani ya saa 26 hivi. Ukiruka siku, kufikia saa ya 48 kimebaki zaidi kidogo ya robo, kisha unameza na kupandisha tena. Mwili unapanda na kushuka mlima kila baada ya siku mbili. Rudia kumeza kila siku, kipimo kidogo: nusu kidonge (25) kwa wiki mbili, kisha robo (12.5) kwa wiki moja au mbili, ndipo uache.

Kwa nini robo, wakati inaonekana ni kitu kidogo sana? Fikiria daladala. Abiria wa kwanza hujaza viti, wanaofuata husimama. Katika dawa hizi, kipimo kidogo cha kawaida cha matibabu kinakalia takriban asilimia 80 ya viti vinavyolengwa kwenye ubongo. Ukitoka 50 kwenda 25, wanaoshuka wengi ni waliosimama, ukitoka 12.5 kwenda sifuri, viti vinaachwa wazi kwa mpigo. Ndiyo maana mtu hushuka nusu ya kwanza akichekelea, akaumia kwenye kipande cha mwisho.

Kutofautisha na ugonjwa kurudi: dalili za kuacha huanza ndani ya siku chache za kupunguza, zina vitu vipya ambavyo hukuwa navyo mwanzo (shoti, kizunguzungu), na hupoa haraka ukirudisha kipimo. Sonona ikirudi hujongea taratibu, baada ya wiki au miezi, kwa sura ile ile unayoijua. Wazo la kujidhuru, lije kwa njia yoyote, halingoji upambanuzi: mwambie mtu aliye karibu na mwende hospitali.

Na kabla ya kuacha, mwambie daktari hilo la tendo la ndoa bila haya. Kipimo kidogo au dawa nyingine huweza kulitatua.

Fluoksetini 20, wiki sita. Nipunguzeje kapsuli? (Dada, Mwanza)

Kwa kipimo hicho, kapsuli huachwa tu. Fluoksetini na zao lake (kile inachogeuka ikiwa mwilini) hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, zinajipunguza zenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu akikuandikia dawa nyingine ndani ya wiki tano baada ya kuacha, mtajie.

Swali letu kwako ni jingine: wiki sita ndipo nafuu kamili ya dawa inapoanza kuonekana. Kama ilikuwa sonona, matibabu huendelea kwa kawaida miezi sita au zaidi baada ya kupona.

Amitriptilini 25 usiku, miezi miwili, kwa maumivu ya mgongo. (Mkulima, Kigoma)

Shuka hadi 10 kama vinapatikana, la sivyo nusu kidonge, kwa wiki moja au mbili, kisha acha. Ukikata ghafla unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma na usingizi wa mapepe. Nusu kidonge ni chungu na hutia ganzi ulimini. Meza haraka kwa maji mengi.

Mdogo wangu alipata saikosisi (akili kutengana na uhalisia), akapewa haloperidoli na benzeksoli. Ni wiki ya saba, yuko timamu. Tumeanza na kuondoa benzeksoli. (Kaka mtu, Tabora)

Mmeanza upande usio sahihi. Benzeksoli ipo kuzuia ukakamavu na kutetemeka kunakoletwa na haloperidoli. Ukiiondoa ya kwanza, shingo inaweza kujipinda na macho kugeuka juu. Ikifika siku ya kupunguza, haloperidoli hutangulia, na daktari ndiye atakayesema lini benzeksoli ifuate.

Lakini siku hiyo haijafika. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa iendelee angalau miezi 12 baada ya nafuu. Kama kilichomletea ni bangi au ugonjwa mwingine wa mwili, daktari anaweza kufupisha. Rudini kliniki wiki hii. Akikakamaa huku ana homa kali, mpelekeni usiku huo huo.

Nimefanikiwa kuacha. Vidonge 14 vimebaki. (Msomaji, Zanzibar)

Rudisha famasia. Usimpe jirani asiyelala, hata akiomba kwa machozi, na usiviweke kabatini "kwa tahadhari". Kama ni amitriptilini na nyumba ina watoto, vipeleke leo: vidonge vichache tu vinatosha kumuua mtoto.