Mashine moja ya kufua na kukausha, au mbili?
Dada, umeuliza ununue mashine moja inayofua na kukausha au ya kukaushia iwe peke yake, na kwa kuwa mna watoto watatu na mnaishi ghorofani Nairobi, ambako nguo za Julai hushinda kambani bila kukauka, ningekushauri uchukue mbili ikiwa nafasi ipo. Ile ya pamoja inayofua kilo 8 kwa kawaida hukausha kilo 5 tu, hivyo utalazimika kutoa baadhi ya nguo zikiwa zimelowa, na inapokausha huwezi kufua nyingine. Kwetu mashuka yalitoka yamejisokota, katikati yakiwa bado mabichi. Tafuta ya kukaushia yenye pampu ya joto, yaani inayotumia tena joto lilelile badala ya kulitoa nje. Bei yake ni kubwa, lakini hutumia umeme kidogo na haihitaji bomba la kutolea mvuke nje.