Maswali ya wasomaji: Kabla ya kuuliza mkupuo, hesabu miezi

Barua nyingi tulizopokea kuhusu pensheni za Tanzania, za NSSF (mfuko wa sekta binafsi) na PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma), zinauliza jambo moja: nitapewa mkupuo wa shilingi ngapi, yaani fedha inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu? Tumechagua nne zinazogusa pia yale yanayoamua kiasi hicho miaka mingi kabla ya siku yenyewe.

Nafanya kazi kiwandani, nina miaka 46, na nilianza kuchangia NSSF nikiwa na miaka 30. Kila mtu analalamikia kikokotoo lakini hakuna anayenionyesha hesabu. Nikifika 60 nitapata nini? – Msomaji, Mbagala

Chukua karatasi, hesabu si ngumu. Kikokotoo ni kanuni ya kukokotoa pensheni, na inayotumika tangu Julai 1, 2022 ina vitu viwili tu unavyoleta wewe: idadi ya miezi uliyochangia, na wastani wa mshahara wako wa mwaka. Wastani huo ni wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka 10 ya mwisho kabla ya kustaafu. Gawanya miezi yako kwa 580, kisha zidisha kwa wastani huo. Jibu ni pensheni yako kamili ya mwaka, kabla hujatoa mkupuo.

Tuseme wastani wako utakuwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, na umechangia miezi 360 bila pengo. 360 gawanya kwa 580, zidisha 12,000,000, unapata 7,448,276 kwa mwaka.

Sasa mkupuo. Ulikuwa asilimia 33 kwa wote, ukapandishwa katika bajeti ya mwaka 2024/25: asilimia 40 kwa waliotoka kwenye mifuko iliyokuwa ikitoa 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25, wakiwemo wanachama wa NSSF. Kwa hiyo asilimia 35 ya pensheni yako ya mwaka inazidishwa kwa 12.5, nawe unapewa 32,586,207 kwa mara moja. Asilimia 65 inayobaki inagawanywa kwa 12: ni 403,448 kila mwezi.

Hiyo 12.5 ndiyo inayoachwa nje ya mabishano mengi. Mkupuo si nyongeza juu ya pensheni. Ni pensheni yako mwenyewe ya miaka 12 na nusu, ile sehemu ya asilimia 35, uliyolipwa mapema. Katika mfano huu umeachia 217,241 za kila mwezi. Aliyestaafu na miaka 60 akiishi zaidi ya 72 na nusu, kila mwezi unaofuata anaikosa fedha hiyo. Anayedai mkupuo mkubwa ana haki ya kuudai, na kwa mwenye deni la nyumba au ada za watoto una maana kubwa, ila ajue kwamba unakatwa kwenye fedha ya uzeeni, wakati ambao nguvu za kutafuta nyingine zimekwisha.

Kwako mwenye miaka 46, kazi iko kwenye mshahara unaoandikwa. NSSF hutoza mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, jumla asilimia 20, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Kuna waajiri wanaoandika mshahara wa 400,000 na kulipa 600,000 nyingine kwa jina la posho zisizochangiwa. Mfanyakazi hufurahi kwa sababu makato ni madogo. Mfanyakazi huyohuyo, kwa miezi ileile 360, ataambulia mkupuo wa 13,034,483 na pensheni ya 161,379 kwa mwezi. Toa hati yako ya mshahara leo, linganisha jumla unayopokea na kiasi kilichotumika kukata mchango. Visipolingana, peleka swali kwa mwajiri kwa maandishi, na nakala yake ibaki kwako.

Mwajiri wangu ananikata kila mwezi, lakini nilipoangalia taarifa yangu ya michango nimekuta miezi 24 haimo. Anasema nisiwe na wasiwasi, atalipa. Nisubiri? – Msomaji, Arusha

Usisubiri. Kwa mshahara wa milioni moja, miezi 24 ikipotea inakupunguzia 2,172,414 kwenye mkupuo na 26,897 kwenye pensheni ya kila mwezi, kwa maisha yako yote. Na kama jumla yako inazunguka miezi 180, hatari ni kubwa zaidi: chini ya hapo hakuna pensheni ya kila mwezi, unalipwa mkupuo maalumu na safari inaishia hapo. Mtu mwenye miezi 176 anaweza kustaafu bila pensheni kwa ajili ya miezi minne ambayo alikatwa kweli.

Kabla ya kumshtaki mwajiri, hakikisha kwanza fedha haikupelekwa ikakosa mwenyewe. Hutokea mchango ukalipwa kwa namba ya uanachama iliyokosewa tarakimu moja, au mfanyakazi akawa na namba mbili, moja ya kazi ya zamani na nyingine ya sasa, na michango ikagawanyika. Kwenye ofisi ya NSSF omba wakutafutie kwa jina na kwa namba ya kitambulisho cha NIDA, na kama namba ni mbili, omba ziunganishwe. Angalia pia herufi za jina lako. “Mohamed” kwenye NIDA na “Mohammed” kwenye mfuko ni mtu mmoja nyumbani kwenu, lakini kwenye malipo ya mafao ni watu wawili mpaka kiapo cha majina kiletwe. Ni rahisi kulimaliza hilo ukiwa kazini kuliko ukiwa umestaafu au, zaidi ya hapo, kumwachia mjane alihangaikie.

Ikithibitika kwamba fedha haikupelekwa, kusanya hati za mshahara za miezi hiyo, mkataba wa kazi, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia. Hati inayoonyesha makato ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko yote. Peleka nakala, siyo halisi, kwenye ofisi ya NSSF ya mkoa, andika malalamiko yenye orodha ya miezi inayokosekana, na dai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mfuko una mamlaka ya kukagua vitabu vya mwajiri, kumtoza adhabu ya ucheleweshaji na kumfikisha mahakamani. Kama wenzako kadhaa wana tatizo hilohilo, andikeni pamoja.

Nilifanya kazi halmashauri miaka 8 nikichangia mfuko wa watumishi wa umma, kisha nikahamia kampuni binafsi miaka 6. Sasa kazi imekwisha. Naweza kuchukua zote nifungue duka? – Msomaji, Mbeya

Ajira yako ikiwa imekoma bila wewe kujiuzulu, na umechangia angalau miezi 18, kuna fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi sita. Halikusudiwi kuwa mtaji wa duka, na ukilipangia hivyo utakwama kwenye kodi ya pango ya mwezi wa saba, fao likiwa limekwisha.

Jambo kubwa kwako ni hili: miezi 96 ya halmashauri na 72 ya kampuni haihesabiwi kila moja peke yake. Sheria inaruhusu vipindi vya mifuko tofauti kujumlishwa. Wewe una 168, umebakiza 12 tu kufikia 180. Mwaka mmoja wa ajira yoyote yenye mchango unakuvusha, na ukiamua kujiajiri, NSSF inapokea pia waliojiajiri wenyewe. Kabla hujachagua kiwango, waombe wakukokotolee mbele yako kwa namba zako, maana kipato kidogo unachokitangaza katika miaka 10 ya mwisho kinaweza kushusha wastani wako.

Ni mwalimu wa shule ya serikali, nina miaka 54. Nitoke kwa hiari nikifika 55 au nisubiri 60? Nina mkopo wa benki unaoisha nikiwa na 59. – Mwalimu, Iringa

Mwalimu, mkopo ndio uanze kuuangalia. Benki ilikupangia marejesho kwa kutegemea mshahara. Ukitoka 55, deni linalobaki haliondoki, na mara nyingi ndilo la kwanza kulipwa kutoka kwenye mkupuo. Nenda benki uombe barua ya salio la kulipa mkopo wote kwa mara moja.

Kisha hesabu. Ukiwa ulitoka PSPF au LAPF, mifuko ya zamani iliyounganishwa, kuingia PSSSF mwaka 2018, mkupuo wako ni asilimia 40. Kwa wastani wa mshahara wa msingi wa 1,200,000 na miezi 324 ukiwa na 55, utapata mkupuo wa 40,220,690 na pensheni ya 402,207. Ukisubiri 60, miezi 384, ni 47,668,966 na 476,690, hata kama mshahara hautapanda hata shilingi. Ukipanda daraja katikati, wastani nao unapanda.

Kwa maoni yetu, afya ikiruhusu, maliza mkopo kwanza. Fedha ya marejesho itakayobaki mkononi ukiwa na 59 unaweza kuikusanya hadi ifike 1,000,000, ambayo inatosha kununua hatifungani ya Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa; riba yake huingia kila baada ya miezi sita. Na miezi sita kabla ya kutoka, kagua jalada lako: barua ya ajira ya kwanza, kuthibitishwa kazini, na barua za kupandishwa cheo. Karatasi moja ikikosekana, malipo yako yatasubiri mpaka ipatikane, na mshahara utakuwa umeshakoma.