Vyumba jirani, vilivyopakana au vilivyoungana?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri maelezo ya nyumba ya wageni, na nimefika mahali panapotaja vyumba viwili vinavyofaa kwa familia moja. Kwanza niliandika "vyumba vilivyo karibu", nikabadili kuwa "vyumba jirani", kisha "vyumba vilivyopakana". Mhariri amefuta yote akaweka "vyumba vilivyoungana". Je, si yaleyale?

JIBU: Marahaba. Si yaleyale hata kidogo, na mhariri wako amempa mgeni ahadi ambayo huenda nyumba haiwezi kuitimiza. Mtu akisoma kwamba vyumba vimeungana, atatarajia kutoka kimoja na kuingia kingine bila kupita kwenye korido.

Ninapokwama kwenye maneno haya, hujiuliza swali moja: kati ya vitu hivi viwili pana nini?

"Karibu" halijali kilicho kati. Linapima umbali tu, na kipimo hubadilika kulingana na kinachozungumzwa. Proxima Centauri ndiyo nyota iliyo karibu zaidi na Jua, ingawa nuru yake husafiri zaidi ya miaka 4 kabla ya kutufikia. Kwa hiyo vyumba viwili vyaweza kuwa karibu huku vingine vitatu vikiwa kati yake. Kumbuka pia kwamba neno hili ni kielezi: tunasema vyumba vya karibu au vilivyo karibu, si "vyumba karibu".

"Jirani" linabana zaidi. Nikisikia vyumba jirani, naelewa kwamba hakuna chumba kingine katikati, ingawa ngazi au stoo yaweza kuwapo. Hapa kuna jambo linalonikera kila ninapolikuta katika maandishi: watu huchanganya "nyumba jirani" na "nyumba ya jirani". Ya kwanza ni nyumba iliyo kando ya nyingine, hata kama haina mtu. Ya pili ni mali au makazi ya mtu ambaye ni jirani yangu. Moto ukizuka katika nyumba ya jirani, kuna mtu wa kumpa pole. Ukizuka katika nyumba jirani, bado hatujaambiwa ni ya nani. Katika mazungumzo tofauti hii hupotea bila madhara, lakini katika mkataba au taarifa ya polisi ina uzito.

Sasa "pakana". Lisikilize pamoja na neno "mpaka" na maana yake itajieleza: vitu viwili vina mstari mmoja unaovitenganisha, na mstari huo ni wa vyote viwili. Ufaransa inapakana na Uhispania. Ufaransa na Uingereza ni jirani, tena karibu sana, kwa kuwa mahali bahari inapobana zaidi, kwenye mlango-bahari wa Dover, upana wake ni kilomita 33 hivi. Hata hivyo, katika nchi kavu hazipakani. Ndiyo sababu "karibu" hukubali "sana" na "kidogo", ila "pakana" hukataa. Vyumba ama vina ukuta mmoja, ama havina.

Umefanya vizuri kuandika "vilivyopakana". Wengine hudhani -li- hapo inaleta wakati uliopita, kana kwamba vyumba viliwahi kupakana kisha vikaachana. Sivyo. Tunasema vyumba vimepakana, lakini -me- haipokei kirejeshi (kama -vyo- katika "vilivyopakana"), hivyo -li- huishika nafasi yake, kama tunavyosema "mlango uliofungwa" kwa mlango ambao mpaka sasa umefungwa. "Vinavyopakana" nalo ni sahihi.

"Shikana" na "gusana" viache kwa vitu vyenyewe kukutana, kama matawi ya miti miwili. "Ungana" huenda mbali zaidi, kwani viwili vimekuwa kama kimoja au vina njia ya kupitana.

Basi rudi kwa mwenye nyumba umuulize kuhusu ukuta na mlango. Kama kuna ukuta tu, rudisha "vyumba vilivyopakana". Kama kuna mlango, mimi nisingetegemea hata "vilivyoungana". Ningeandika wazi: vyumba viwili vyenye mlango wa ndani kati yake.