Maswali ya Wasomaji: Gari Linakula Oili, Nilitengeneze au Niliuze?

SWALI: Mhariri, pokea salamu. Nina gari aina ya Toyota IST la mwaka 2004, namba C, ambalo hulitumia kwenda kazini na kuwapeleka watoto shule. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi anataka kufungua injini na kuifanyia ovahoo (kuifumua na kubadilisha sehemu zilizochakaa) kwa shilingi 1,800,000, ilhali jirani yuko tayari kulinunua kama lilivyo kwa shilingi 4,500,000. Mwaka jana nilibadilisha shokapu na tairi zote nne, hivyo naona uchungu kuliachia. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujampa fundi hata shilingi moja, lipeleke gari kwenye gereji yenye shimo, mkalitazame chini. Nasema hivi kwa sababu unaishi pwani, na upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula bati pale macho yasipofika: kwenye kingo za chini za milango, ndani ya madigadi, na hasa mahali shokapu za nyuma zinapofungwa kwenye bodi. Mwombe fundi agongegonge sehemu hizo kwa bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kavu; lililooza hutoboka au kumwaga unga mwekundu. Injini hubadilishwa na giaboksi hubadilishwa, lakini bodi iliyooza mahali inapobeba uzito huchomelewa leo ikaoza tena pembeni mwa kiraka, na siku ya ajali haitawakinga watoto wako. Ukikuta hali hiyo, usilitengeneze. Mweleze jirani ukweli wote, maana huenda likamfaa kwa vipuri tu, na bei nayo itabadilika.

Bodi ikiwa nzima, ndipo tuzungumze habari za injini, na hapa naona fundi wako amefanya haraka. Moshi wa bluu huonyesha kwamba oili inaungua, ila hauonyeshi inapitia wapi. Moshi ukitoka asubuhi tu gari linapowashwa kisha ukatoweka, mara nyingi sili za valvu ndizo zilizokakamaa, na kuzibadilisha ni kazi ndogo kuliko ovahoo. Ukizidi unapokanyaga mafuta kupanda mlima, ringi za pistoni huenda zimechoka. Ili msibahatishe, ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda: fundi anatoa plagi, anafunga geji kwenye tundu, anazungusha starta na kusoma kipimo cha kila silinda. Silinda ikionyesha upungufu, anamimina humo kijiko cha oili na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo mbovu. Kisipopanda, kasoro iko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Fundi anayedai shilingi 1,800,000 huku akikataa kupima, mimi ningemwacha.

Kuhusu fedha, shokapu na tairi zisikufunge, kwa kuwa fedha hizo zimekwisha kutumika na hazirudi, utengeneze au uuze. Jambo la kupima ni hili: ukichukua shilingi 4,500,000 za jirani, ukaongeza zile 1,800,000 za fundi, unapata 6,300,000. Kwa kiasi hicho utakachopata, kwa kadiri ninavyoona, ni gari jingine la mkononi la umri huohuo, ambalo hujui mwenyewe wa zamani alikuwa akilibadilisha oili au akiongezea tu. Kuagiza kutoka Japani hakutakupa nafuu, kwa kuwa gari lililozidi miaka kumi huongezewa ushuru kwa sababu ya uchakavu. Hili lako unalijua tangu tairi hadi taa, na injini yake, iwe 1NZ au 2NZ, ndiyo iliyomo pia kwenye Probox nyingi, kwa hiyo vipuri havitakusumbua. Kwa sababu hiyo, bodi ikiwa salama na giaboksi ikiwa haitelezi, ushauri wangu ni kwamba ulitengeneze. Lakini mtake fundi akuandikie pia kila kitu anachoona kitahitajika katika mwaka mmoja ujao, kwa sababu ovahoo peke yake si gharama yote. Jumla ikizidi nusu ya bei ambayo gari lingeuzwa likiwa zima, mimi ningeliuza.

SWALI: Fundi ananishauri nifunge injini ya mtumba kutoka Japani badala ya kufanya ovahoo. Je, kuna ubaya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakuna ubaya, na bei zikikaribiana mimi huona ni afadhali, maana ovahoo hutegemea sana ubora wa ringi na mkono wa fundi. Dai muuzaji akupe muda wa dhamana kwa maandishi, na usikubali injini ambayo hujaisikia ikiunguruma. Tunza risiti vizuri: kadi ya gari huandikwa namba ya injini, hivyo ukishabadilisha, nenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wairekebishe mapema, kabla hujafikiria kuliuza gari hilo.