Programu ya uhasibu haitoshi kwa kampuni ya reli

Mkuu, umeuliza kama programu ya uhasibu uliyozoea dukani itatosha kwa kampuni ya reli. Peke yake haiwezi, hata kama dukani imekufaa miaka yote. Swali la kwanza kwa muuzaji wa programu: je, kila behewa lina namba na historia yake humo ndani? Liko wapi, limebeba nini, limetembea kilomita ngapi tangu matengenezo ya mwisho.

Nimefuatilia mizigo bandari ya Mwanza Kusini, kwa hiyo nasema nilichokiona. Behewa linatoka Dar, linapita Tabora, linaingizwa zimazima kwenye meli ya MV Umoja, linavuka Ziwa Victoria mpaka Port Bell, Uganda. Safari moja ina reli, meli na forodha za nchi mbili. Kila kituo kikiandika karatasi zake, mteja anadaiwa mara mbili au hadaiwi kabisa, na behewa tupu linalala siku kadhaa bila mtu kulikumbuka. Hapo ndipo hela inapopotelea.

Kwa matengenezo, programu ya IBM Maximo inatumiwa na mashirika mengi ya reli duniani. Nyingine, SAP, inaunganisha fedha, stoo na karakana, ila bei yake ni ya wakubwa. Kampuni ndogo inaweza kuanza na programu ya Odoo. Toleo la bure lina stoo na matengenezo, uhasibu kamili unalipiwa, na ufuatiliaji wa mabehewa itabidi mtengenezewe.

Usisaini mkataba kabla hujaiona programu yenyewe ikitoa risiti ya kielektroniki inayokubaliwa na TRA, mamlaka ya mapato.