Kinasa sauti, programu ya imla, na sauti yako mwenyewe

Wanaoanza kazi ya kunukuu mahojiano huniuliza sana swali moja: ni programu gani itakayogeuza rekodi ya saa mbili kuwa maandishi ya Kiswahili? Nami huwauliza kwanza: ulirekodia wapi, na kinasa sauti kilikuwa mbali kiasi gani na mdomo wa msemaji? Kama ilikuwa ukumbini, pangaboi linazunguka, watu wanane wanadakizana, na kinasa sauti kipo mwisho wa meza kando ya chupa za maji, basi usisumbuke kutafuta programu. Hakuna.

Programu hizi humsikia vizuri mtu mmoja, aliye karibu na maiki, anayejua kwamba anasikilizwa. Ukitoka hapo zinaanza kubahatisha. Kwa hiyo una njia mbili tu: ama msemaji wako awe mtu huyo, ama uwe wewe. Njia ya pili watu wengi hawaijui, na ndiyo iliyoniokolea muda kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Kwanza tuzitenganishe programu zenyewe, maana huchanganywa. Kuna ile ya kwenye simu, ambapo unabonyeza alama ya maiki kwenye kibodi ya Google, unasema, maneno yanajiandika. Google waliiongezea Kiswahili mwaka 2017, cha Kenya na cha Tanzania kila kimoja kwa nafasi yake, kwa hiyo hakikisha umechagua cha kwako kwenye mipangilio. Hii husikiliza papo hapo tu. Huwezi kuipa faili lililorekodiwa jana. Halafu kuna programu zinazopokea faili, kama Whisper ya OpenAI, iliyotolewa mwaka 2022, ambayo ni ya bure na inaweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila bando. Dragon, ambayo wenzetu wanaoandika Kiingereza wamekuwa wakiitumia kwa imla tangu mwaka 1997, kwa Kiswahili haitusaidii.

Nimewaona watu wakicheza rekodi kwa spika huku wameishikia simu mbele yake ili kibodi iandike. Matokeo yake ni uji. Sauti imeshapita hewani mara ya kwanza ikiwa na kelele za ukumbi, sasa inapita mara ya pili na mwangwi wa chumba chako juu yake.

Kuhusu kifaa: nahimiza kinasa sauti hata kwa mwenye simu nzuri. Simu hupigiwa katikati ya mahojiano, hupokea ujumbe, huishiwa chaji, na mtu unayemhoji humwona mtu aliyeshika simu, si mtu anayemsikiliza. Mimi natumia Sony ICD-PX470. Si ya kifahari. Ina GB 4 ndani, nafasi ya memori kadi, tundu la maiki ya nje, kichwa cha USB kinachochomoza chenyewe kwa hiyo huhitaji waya, na inatumia betri mbili zile nyembamba za rimoti, ambazo hata duka la kijijini huzikosi. Hilo la betri ndilo lililonifanya niichague. Ukinunua memori kadi, ijaze mafaili yoyote mpaka mwisho kisha uyafungue tena kabla ya kwenda nayo kazini. Zipo zilizoandikwa GB 64 ambazo hazina hata robo yake, na zinaendelea kuonyesha kwamba zinarekodi.

Ukishakishika kinasa sauti mkononi, zima kwanza ile huduma ya kujiwasha yenyewe inaposikia sauti na kusimama panapokuwa kimya. Kwenye menyu huandikwa VOR. Inaonekana kama ya kuokoa nafasi, lakini huchelewa kidogo kuamka, na hicho kidogo ni silabi ya kwanza. Kwenye Kiswahili silabi ya kwanza ndiyo iliyobeba nani na ndiyo iliyobeba kukanusha. Mwenyekiti anasema "hatukubali", rekodi inaanza na "tukubali". Hapo hakuna programu wala sikio la binadamu litakalokutoa.

Washa kichujio cha kupunguza mngurumo wa chini, kile cha Low Cut. Kinasaidia kwa feni, jenereta na upepo mwepesi. Kwa ubora wa sauti, MP3 ya kbps 128 inatosha, saa moja haifiki MB 60. WAV (sauti isiyobanwa) ya ubora wa CD hula zaidi ya MB 600 kwa saa, na Whisper ikiipokea inaishusha kwanza hadi kHz 16 na mkondo mmoja (mono), kwa hiyo ukubwa ule wote haukuongezei kitu. Ila viwango vya chini kabisa vya kifaa usiviguse. S, sh na th huanza kufanana.

Umbali ni shibiri moja, shibiri na nusu ikizidi. Usikielekeze kifaa mdomoni moja kwa moja, kiweke kando ya shavu, la sivyo kila p na b italipuka. Kikiwa mezani, kiweke juu ya leso iliyokunjwa ili kisibebe kila anayegonga meza. Nje kwenye upepo, tumia maiki ndogo ya kubana kwenye kola yenye sponji yake. Na mvua ikianza chini ya paa la bati, funga kikao. Ombeni chai, ongeeni mambo mengine.

Tena usitoe kifaa wakati wa salamu. Mwamkie mzee shikamoo yako, aulize habari za nyumbani, mmalizane. Ndipo uombe ruhusa, uwashe, kisha umwombe tena ruhusa ileile kifaa kikiwa kinarekodi, ili ibaki kwenye sauti. Si adabu tu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019, na sauti ya mtu anayetaja jina lake, ugonjwa wake au mgogoro wake wa shamba ni taarifa binafsi. Kumbuka pia kwamba huduma nyingi za mtandaoni huipeleka sauti hiyo kwenye kompyuta za mbali usizozijua. Mambo nyeti nayafanyia kazi ndani ya kompyuta yangu, intaneti imezimwa.

Sasa tuje kwenye ile njia ya pili.

Rekodi yako ina kila kitu: jogoo, watoto, bodaboda, na mzee wa Pangani asiye na meno ya mbele anayeongea kwa kasi. Usiipe programu. Vaa hedifoni, sikiliza sentensi moja, simamisha, kisha irudie wewe kwa sauti yako kwenye imla ya simu au kwenye kinasa sauti kingine. Unakuwa mkalimani kati ya mzee na mashine, lugha ikiwa ileile. Vituo vya televisheni Uingereza, BBC ikiwemo, vimetengeneza hivyo manukuu (maandishi ya chini ya picha) ya matangazo ya moja kwa moja: mtu anakaa kwenye chumba kimya, anarudia anachokisikia, programu iliyoizoea sauti yake inaandika.

Tofauti ni kubwa. Mzee mmoja mvuvi alisema: "Kusi likishachachamaa, ngalawa hazitoki." Programu iliyopewa rekodi yenyewe iliandika: "Kesi ikishachachamaa, gharama hazitoki." Itazame vizuri sentensi hiyo. Ni Kiswahili safi, ina maana, mhariri aliyeko Dodoma angeipitisha bila kukunja uso. Ndiyo hatari ya programu hizi: hazikosei kwa kuandika upuuzi, zinakosea kwa kuandika kitu kinachoeleweka. Nilipoirudia kwa sauti yangu, polepole, "kusi" ilitoka sawa. "Ngalawa" nilisahihisha kwa mkono.

Kwa kuchapa kwa vidole, saa moja ya mazungumzo hula saa nne hadi sita za kazi, zaidi kama wasemaji ni wengi. Kwa kurudia kwa sauti, ukishazoea, unapunguza karibu nusu, na vifundo vya mikono vinapumzika. Mwanzoni utachoka koo. Weka maji karibu.

Kuna mazoea kadhaa ya kujijengea. Sema kwa vipande vya maneno sita au saba, si neno moja moja. Mashine hutumia maneno ya jirani kukisia, na ukiyakatakata unainyima msaada huo. Usipandishe sauti. Kwa alama za uandishi, chagua maneno ambayo hayatatokea kwenye mazungumzo. Mimi husema "nukta mwisho" pale sentensi inapoishia, "swali linaingia" mwulizaji anapoanza na "jibu linaingia" mhojiwa anapopokea, kisha mwishoni nabadilisha yote kwa mkupuo kwa ile amri ya kutafuta na kubadilisha. Majina ya watu na vijiji nayapita kwa herufi, "Mzee Aa", "kijiji Be", halafu nayajaza. Inalinda siri, na inaniepusha na ubunifu wa mashine kwenye majina.

Namba sizisemi kwa imla kabisa, naziandika kwa mkono. Kiswahili chetu chenyewe kina mtego hapa: mtu akikwambia "elfu mia na tano", ni 105,000 au 100,005? Aliyekuwepo anajua kwa sababu aliona wanazungumzia bei ya nini, programu haikuwepo. Saa nazo: kama ripoti itatafsiriwa, "saa tatu" ya mzee iandike "saa tatu asubuhi" ndani ya mabano yako, la sivyo atatokea mtu wa kuifanya saa tisa mchana au usiku wa manane.

Hatari moja ya kurudia kwa sauti hutaiona ikija. Ulimi wako unasafisha. Mzee amesema "tulikuwa twaenda", wewe unatamka "tulikuwa tunaenda" bila kujijua, kwa sababu ndivyo unavyosema wewe. Kwa muhtasari wa kikao haidhuru, wanakikao wanataka maazimio. Kwa utafiti wa lugha au historia ya mdomo, umeharibu kile kilichokupeleka kule. Kwa kazi za aina hiyo napitia maandishi mara ya pili huku rekodi ya asili inacheza, nikitafuta hilo tu.

Ukiwa na rekodi safi ya mtu mmoja, au imla yako mwenyewe uliyoirekodi njiani, hapo Whisper inastahili. Iambie mapema kwamba lugha ni Kiswahili, usiiache ikisie, na hakikisha umeiagiza kunukuu, si kutafsiri, maana ina uwezo wa kukupa Kiingereza usichokiomba. Whisper huja kwa ukubwa tofauti, kila mmoja huitwa modeli. Tumia modeli kubwa. Zile ndogo ni nyepesi na zinakwenda haraka, lakini kwa Kiswahili hazifai kitu. Toleo la kwanza lilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, sehemu kubwa ikiwa Kiingereza. Fungu letu lilikuwa dogo mno. Ndiyo maana napenda ile kazi ya Common Voice ya Mozilla, ambapo watu wa kawaida husoma sentensi za Kiswahili na kutoa sauti zao. Kama una dakika kumi za bure, na hasa kama lafudhi yako si ile ya taarifa ya habari, kasome. Bila sauti za namna hiyo, mzee wa Pangani ataendelea kuandikiwa kesi na gharama.

Kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha (graphics card) yenye nguvu, modeli kubwa itachukua muda mrefu kuliko rekodi yenyewe. Iwashe usiku, ulale. Kabla ya hapo kata sehemu za kimya, kwa sababu Whisper haipendi ukimya: panapokuwa na dakika nzima bila maneno, huweza kurudia sentensi ya mwisho mara nyingi au kubuni ambayo hakuna aliyeisema. Ukiona kwenye maandishi mtu mpole ghafla anamshukuru mtazamaji kwa kutazama, jua pale alikuwa amekwenda kuchukua maji.

Ukifika nyumbani, kabla ya kusikiliza chochote, nakili mafaili kwenye sehemu mbili na uyape majina ya tarehe na mahali, si REC0017. Rekodi ya asili usiiguse mpaka aliyekupa kazi athibitishe maandishi. Baada ya hapo ifute au ihifadhi kama mlivyokubaliana na mhojiwa. Na kama kinasa sauti kinakwenda kabatini kwa miezi, toa betri. Zikivuja humo ndani, zinakula vile vyuma, na fundi wa kuvibadilisha si rahisi kumpata.