Gari au dereva? Majibu kwa wapenzi wa Fomula 1

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka ubishi uleule wa vijiweni: bingwa ni gari au aliyeshika usukani? Msimamo wangu nautoa mapema. Gari ndilo linalokuingiza kwenye kinyang'anyiro. Akili iliyotulia ndiyo inayoamua kati ya walioingia.

SWALI: Dereva wa timu dhaifu akipewa gari zuri, atashinda? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Wengi wangekaribia. Desemba 2020 Lewis Hamilton, dereva wa timu ya Mercedes, aliugua korona kabla ya mbio za Sakhir, Bahrain. Mercedes wakamwazima George Russell kutoka timu dhaifu ya Williams, ambako tangu 2019 hakuwa amepata pointi hata moja. Russell akaanza wa pili na kuongoza sehemu kubwa ya mbio. Kisha timu ikamfungia tairi za mwenzake kimakosa, ikabidi arudi zibadilishwe, na baadaye nyingine ikaishiwa upepo. Akamaliza wa 9. Hakuna anayejifunza kuendesha ndani ya wiki moja. Kilichobadilika ni gari.

Jenson Button naye alivuna pointi 3 tu msimu mzima wa 2008 akiwa Honda. Honda wakajitoa, mkuu wa timu, Ross Brawn, akaichukua, na 2009 Button akashinda mbio 6 kati ya 7 za mwanzo, hatimaye akawa bingwa wa dunia.

SWALI: Basi siri ni injini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Injini ni sehemu tu. Kinachowaumiza wahandisi vichwa ni hewa. Mabawa ya mbele na nyuma huligandamiza gari barabarani, na hewa inayobanwa chini ya sakafu hupita kwa kasi na kulivuta chini, hivyo dereva anaikata kona bila kupunguza mwendo sana. Gari la Button lilikuwa na matundu ya ziada nyuma ya sakafu yaliyoongeza nguvu hiyo. Wapinzani walikata rufaa, wakashindwa. Kanuni za 2022 ziliipa sakafu umuhimu mkubwa zaidi. Mercedes, mabingwa wa timu mara 8 mfululizo, wakakosea ubunifu: gari lao lilidundadunda kwenye barabara iliyonyooka, na mwaka ule wakashinda mbio moja tu.

SWALI: Ukomavu si umri tu? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Hapa ningependa tukae kidogo. Mwaka 1984 gari la McLaren lilishinda mbio 12 kati ya 16. Waliliendesha wawili: Alain Prost, kijana mwenye kasi ya ajabu, na Niki Lauda, miaka 35, aliyenusurika ajali ya moto kwenye mbio za Nürburgring, Ujerumani, mwaka 1976. Prost alishinda mbio 7, Lauda 5. Lauda alijua kwamba kwenye mzunguko mmoja wa kufuzu, unaopanga nafasi za kuanzia, hamwezi Prost, akaacha kushindana naye huko, akaliandaa gari lake kwa ajili ya mbio zenyewe za Jumapili. Mbio za mwisho zilikuwa Estoril, Ureno. Prost akaongoza, Lauda, aliyeanza wa 11, alihitaji nafasi ya pili. Akawapita mmoja mmoja, breki zikamkwamisha Nigel Mansell aliyekuwa wa pili, na nafasi ikapatikana. Lauda akatwaa ubingwa kwa nusu pointi. Sijui ushindi mwingine ninaouheshimu kama huo.

Lakini miaka peke yake haifanyi kazi hiyo. Monaco 2018 Max Verstappen, miaka 20, aligonga ukuta kwenye mazoezi ya mwisho, akakosa kufuzu na kuanza mkiani. Mwenzake Daniel Ricciardo, kwa gari la aina ileile, alishinda huku injini ikiwa imepoteza sehemu ya nguvu zake mapema. Verstappen aliitafakari aibu ile. Makosa yakapungua, na kuanzia 2021 akabeba ubingwa mara 4 mfululizo.

SWALI: Nitautambuaje ukomavu nikitazama kwenye televisheni? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Mlinganishe dereva na mwenzake wa timu kwanza, maana gari ni lilelile. Halafu tazama tairi zinapochoka. China 2007, Hamilton akiwa katika msimu wake wa kwanza, yeye na timu yake walichelewa kubadilisha tairi zilizolika hadi ndani. Akateleza kwenye kokoto akiingia kuzibadilisha, akakwama humo, na mwisho wa msimu akaukosa ubingwa kwa pointi 1. Mwaka uliofuata, Brazil, alihitaji nafasi ya 5 tu. Hakumkimbiza Felipe Massa aliyekuwa akiongoza. Aliipata nafasi yake kwenye kona za mwisho, akawa bingwa kwa pointi 1.

SWALI: Kijana wa miaka 17 anaruhusiwa kushindana? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Verstappen alianza akiwa na miaka hiyo, 2015. Baada yake FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, waliweka kiwango cha chini cha miaka 18, na nawaunga mkono, ingawa tangu 2024 wanaweza kumpa kijana wa miaka 17 ruhusa maalumu.